Hija kwa Miguu: Tupime Miguu Kabla ya Kununua Viatu



Kila mwaka tarehe 3 Juni umati mkubwa wa waamini hukusanyika Namugongo, karibu na jiji la Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda. Hapo ndipo walipochomwa moto Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake mwaka 1886. Wengi hufika huko kwa magari, lakini wapo wanaokwenda kwa miguu, kwa siku nyingi, kutoka pande mbalimbali za Uganda na hata kutoka nchi jirani. Kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Nasi tusiofika Namugongo tunazo hija zetu: za jimbo, za dekania na za parokia, kwenda kituo cha Bikira Maria, kilomita 15, 30 au zaidi.

Tunapojiandaa kwa hija tunasali novena, tunakwenda kuungama, tunachanga fedha za chakula na kushona sare. Viatu huachwa hadi siku ya mwisho. Mtu huondoka na vile alivyo navyo, au hununua vipya jioni ya kuamkia safari. Wahudumu wa huduma ya kwanza wanaofuatana na mahujaji wanajua matokeo yake. Siku ya kwanza jioni watu hupanga foleni, viatu mkononi, visigino vimechubuka na vidole vimejaa malengelenge.

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo hili dogo ambalo laweza kuwa kubwa. Tuanze na habari ya mzee mmoja tunayemfahamu.

Zawadi ya watoto

Mzee huyu ni katekista mstaafu. Aliposema kwamba atakwenda kwa miguu katika hija ya siku tatu, watoto wake walioko mjini walifurahi wakamnunulia viatu vizuri vya ngozi. Walinunua namba ileile waliyokumbuka tangu zamani, alipokuwa bado anafundisha. Mzee alivivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari.

Mzee alikuwa na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Siku ya kwanza jioni aliona soksi yake imelowa upande wa kidole cha mwisho, akadhani ni jasho. Siku ya pili akaendelea kutembea, akiongoza rozari. Anasema hakusikia maumivu hata kidogo, na kwa sababu hiyo aliamini kwamba viatu vimemkaa vizuri. Aliporudi nyumbani kidole kilikuwa kimegeuka rangi na kinatoa harufu. Alilazwa, akakatwa vidole viwili.

Watoto wake waliumia sana moyoni. Walimpenda baba yao na fedha walitoa, lakini hakuna aliyempima mguu. Tunaandika makala hii ili familia nyingine isije ikapata majuto ya namna hiyo.

Mguu hubadilika

Kila mguu, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26 iliyounganishwa kwa viungo, misuli na kano. Mtu mzima akitembea kilomita moja hupiga kama hatua 1,300 hadi 1,400. Basi hujaji atembeaye kilomita 30 kwa siku hupiga hatua karibu 40,000, yaani kila mguu hukanyaga chini mara 20,000. Kiatu kinachosugua kidogo tu kitasugua mahali palepale mara 20,000 kabla jua halijatua.

Tena mguu haubaki vilevile. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, chasema kwamba Waisraeli walitembea jangwani miaka 40 na miguu yao haikuvimba. Hiyo ilikuwa neema ya pekee. Miguu yetu sisi huvimba. Jioni mguu ni mkubwa kuliko asubuhi, na baada ya mwendo mrefu katika joto huongezeka zaidi. Kadiri umri unavyosogea, kano za mguu hulegea, nao mguu hurefuka na kupanuka. Akina mama wengi huona kwamba baada ya kuzaa viatu vyao vya zamani vinawabana, na wengine miguu yao hairudi tena katika kipimo cha kwanza. Kwa hiyo mtu aliyevaa namba 40 alipofunga ndoa asidhani kwamba lazima avae 40 akiwa na wajukuu.

Jambo jingine: watu wengi wana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Kiatu huchaguliwa kwa kufuata ule mkubwa.

Kupima mguu nyumbani

Hakuna haja ya kifaa cha dukani. Tafuta karatasi ngumu au kadibodi, kalamu na rula, kisha fuata hatua hizi:

1. Pima wakati wa jioni, baada ya kazi za siku. Vaa soksi utakazotembea nazo.

2. Weka kadibodi sakafuni, ukingo wake ukigusa ukuta. Simama juu yake, kisigino kikigusa ukuta. Usipime ukiwa umeketi, maana uzito wa mwili ndio unaoutandaza mguu.

3. Mtu mwingine achore kuuzunguka mguu wote, kalamu ikiwa imesimama wima. Ukiinama kujichora mwenyewe, uzito huhama na kipimo hupotea.

4. Pima urefu kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine hicho ni kidole gumba, kwa wengine ni kidole cha pili.

5. Fanya hivyo kwa mguu wa pili. Chukua kipimo kilicho kirefu zaidi.

6. Ongeza sentimita 1 hadi 1 na nusu. Huo ndio urefu wa ndani wa kiatu cha kutembelea safari ndefu.

Kisha kata kadibodi kwa kufuata mchoro, miguu yote miwili, uandike jina la mwenyewe. Unapokwenda dukani au sokoni, ingiza kadibodi hiyo ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Ikigusa mbele na nyuma pamoja, kiatu ni kifupi. Ikilala vizuri na kubakiza nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele yake, hapo tunaweza kuanza kukijaribu.

Njia hii inafaa sana kwa wanaowanunulia wazazi wao viatu kutoka mbali. Badala ya kuuliza namba kwa simu, omba mchoro.

Namba za viatu zisitudanganye

Viatu vinavyouzwa kwetu vinatoka nchi nyingi, na kila upande una hesabu yake. Katika namba za Ulaya, kama 38, 39 na 40, kila namba moja huongeza karibu milimita 7 za urefu. Katika namba za Uingereza, kama 6, 7 na 8, kila moja huongeza karibu milimita 8 na nusu. Kiatu cha mwanamume chenye namba 8 ya Uingereza hukaribiana na 42 ya Ulaya, nacho hichohicho Marekani huandikwa karibu 9.

Kwa makadirio, mguu wa sentimita 24 ukiongezewa nafasi ya mbele huhitaji kiatu kama namba 38 ya Ulaya, na mguu wa sentimita 26 huhitaji kama namba 41. Lakini tunasema makadirio, kwa sababu viwanda havilingani. Kiatu cha 41 cha kiwanda kimoja chaweza kuwa kifupi kuliko 40 cha kiwanda kingine. Namba hutusaidia kujua tuanzie wapi. Anayetoa hukumu ni mguu wenyewe.

Kukijaribu kiatu

Nenda kununua viatu jioni, ukiwa na soksi zako. Vaa viatu vyote viwili, si kimoja. Usione haya kuchukua muda. Muuzaji akikuharakisha, nenda kwa mwingine. Angalia mambo haya:

*Urefu.* Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Kisha rudisha kisigino nyuma, funga kamba, usimame. Mbele ya kidole kirefu pabaki upana wa kidole gumba cha mkono.

*Upana.* Sehemu pana ya mguu, pale vidole vinapoanzia, ikae mahali kiatu kilipo kipana na kinapokunjika. Vidole viweze kuchezacheza ndani. Ukiona upande wa kiatu umefura kwa kusukumwa na mguu, hicho si chako.

*Kisigino.* Tembea. Kisigino kikiinuka kidogo sana si neno, lakini kikipanda na kushuka kila hatua, kiatu kinapwaya, nacho kitakuchubua. Kumbe kiatu kikubwa mno huleta malengelenge kama kiatu kidogo.

*Mteremko.* Tafuta ngazi au mahali penye mteremko, ushuke. Vidole vikigonga mbele dukani, vitagonga maelfu ya mara mlimani. Hapo ndipo kucha zinapogeuka nyeusi na kung'oka.

*Muda.* Tembea nacho angalau dakika 10. Mahali panapouma kidogo dukani pataumiza sana barabarani.

Wauzaji hupenda kusema kwamba kiatu kitapanuka. Ngozi yaweza kulegea kidogo upande wa upana, lakini kiatu hakirefuki. Anayenunua kiatu kifupi kwa matumaini kwamba kitaongezeka anajinunulia maumivu.

Viatu vya mtumba

Familia zetu nyingi huvaa viatu vya mtumba, na hakuna ubaya wowote. Vingine ni imara kuliko vipya vya bei rahisi. Ila tukumbuke kwamba kiatu cha mtumba kilishazoea mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kikiinamia upande mmoja, au soli ikiwa imelika sana upande mmoja wa kisigino, kitaulazimisha mguu wako kukanyaga vibaya kama mwenyewe wa kwanza.

Ingiza mkono ndani. Papasa kama kuna mshono uliotoka, msumari au kitambaa kilichokunjamana. Kunja kiatu mara kadhaa utazame kama soli inaachana na ngozi, maana gundi ya viatu vilivyokaa miaka mingi ghalani hukauka na soli hubanduka ghafla njiani. Ukishakinunua, toa soli ya ndani kama inatoka, kioshe kwa sabuni, ukiache kikauke kabisa mahali penye hewa. Fundi viatu akipitishe uzi pembeni mwa soli. Gharama yake ni ndogo kuliko kutembea na kiatu kilichofungwa kwa kamba.

Raba, buti, kandambili au peku?

Kwa barabara ya lami au ya vumbi, raba nzuri yenye soli nene na nyuma imara inatosha watu wengi. Ni nyepesi, na hukauka upesi ikinyeshewa. Buti hufaa zaidi kwa milima yenye mawe, lakini nzito humchosha asiyezizoea.

Ndala na kandambili ni za kupumzikia jioni. Katika mwendo mrefu vidole hujikunja kila hatua kuishika ndala isitoke, na gidamu huchubua katikati ya vidole. Makubazi yenye mikanda inayoshika kisigino na kifundo ni bora zaidi. Wapo wazee wetu waliozoea katambuga za matairi tangu ujana na hutembea nazo mbali bila shida. Hao tusiwalazimishe kuvaa viatu vipya kwa ajili ya hija. Mguu uliozoea kitu kwa miaka mingi haubadilishwi kwa siku moja. Viatu vya mchuchumio navyo vibaki nyumbani. Mama anayebeba mtoto mgongoni anahitaji soli pana na tambarare.

Wasomaji wengi wanamkumbuka Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Yeye alikuwa amezoea kukimbia peku, na viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, akaona heri aviache. Lakini mwaka 1964, kule Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu, na alikimbia kwa muda mfupi zaidi kuliko Roma. Tunajifunza kwamba kiatu kibaya ni hasara hata kwa bingwa, na kiatu kizuri hakimpunguzii mtu ushujaa.

Tunasema hivyo kwa sababu wapo waamini wanaoweka nadhiri ya kwenda hija peku. Tunaheshimu moyo wao. Hata hivyo barabarani kuna vipande vya chupa, misumari na miiba. Jeraha lenye udongo laweza kuingiza pepopunda, na lami ya saa nane mchana huunguza. Katika sehemu zenye udongo mwekundu wa volkano, kutembea peku kwa miaka mingi huweza kuleta uvimbe wa miguu unaofanana na matende, ingawa hauletwi na mbu. Anayetaka kufanya nadhiri hiyo aongee kwanza na Baba Paroko. Musa alivua viatu alipofika mahali patakatifu. Alipokuwa akichunga kondoo alikuwa amevivaa. Nasi twaweza kuvua viatu tukishafika kwenye uwanja wa kituo cha hija.

Soksi, kamba na kucha

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kubaki na unyevu. Zenye sufu au nailoni hukauka upesi zaidi. Wengine huvaa soksi nyembamba ndani na nene juu yake, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi badala ya kuwa juu ya ngozi. Ni njia nzuri, mradi kiatu kilijaribiwa kwa soksi zote mbili. Soksi isiwe na tundu wala kiraka kigumu. Beba angalau jozi tatu: moja mguuni, moja kavu mfukoni, moja inayokauka baada ya kufuliwa.

Unapofunga kamba, gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa, kisha kaza kuanzia vidoleni kuja juu. Vidoleni pawe na nafasi, kwenye kifundo pakazwe vizuri. Mkifika mteremko, simama ukaze tena. Mguu ukivimba mchana, legeza.

Kucha zikatwe siku chache kabla ya safari, kwa mstari ulionyooka, zisichimbwe pembeni.

Kiatu kipya kizoeshwe

Viatu vya hija vinunuliwe mwezi mmoja kabla. Juma la kwanza vivae nyumbani na kwenda sokoni. Juma la pili na la tatu tembea navyo kilomita 5, kisha 8, kisha 10, ukibeba mzigo utakaobeba. Juma la nne fanya mwendo mmoja mrefu. Kama kuna mahali panaposugua, utapajua mapema, na fundi ataweza kulainisha au kupanua kidogo. Kanuni ni rahisi: kiatu ambacho hakijawahi kwenda kanisani na kurudi kisiende hija.

Watoto wanaofuatana na wazazi wapimwe upya kabla ya kila hija, maana miguu yao hukua upesi. Mtoto mdogo mara nyingi hasemi kwamba kiatu kinambana. Hulia au kubaki nyuma, akapigwa bure kwa uvivu.

Njiani

Lengelenge huanza kama joto mahali pamoja. Mfupa ndani unasogea kila hatua, ngozi ya juu imeshikwa na kiatu, na tabaka za ngozi huachana. Maji hujaa katikati. Jasho na joto huharakisha jambo hilo. Ukisikia joto hilo, simama saa ileile, hata kama wenzako wanaimba na kusonga mbele. Vua kiatu, toa mchanga, kausha mguu, badili soksi, bandika plasta pana isiyo na mikunjo. Mafuta ya mgando kati ya vidole husaidia kwa saa chache. Dakika tano hizo zitakuokolea siku mbili.

Lengelenge dogo lisipasuliwe, lifunikwe tu. Likiwa kubwa na linauma, nawa mikono kwa sabuni, safisha mahali, toboa pembeni kwa sindano mpya ya hospitali au iliyochemshwa, ukamue maji taratibu. Ngozi ya juu usiibandue, ndiyo bandeji ya asili. Funika kwa kitambaa safi. Usipake majivu, mafuta ya taa wala unga wa betri.

Nenda zahanati bila kuchelewa ukiona usaha, wekundu unaosambaa, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mitoki au homa.

Wasiosikia maumivu miguuni

Tunamrudia mzee wetu. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na damu haifiki vizuri. Ukoma nao huua fahamu za miguu. Kwa watu hao ile kengele ya maumivu imezimwa. Dr. Paul Brand, aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma India na baadaye Marekani, alionyesha kwamba vidonda vingi vya nyayo zao vilitokana na mgandamizo wa kila siku ambao mgonjwa hakuusikia. Ndiyo maana wagonjwa hao hutengenezewa makubazi yenye soli laini ndani.

Mwenye kisukari asitumie maneno “sijaumia” kama kipimo cha kiatu. Atumie kadibodi. Kabla ya kupanga hija amwone mganga wake, naye amtazame miguu. Kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani kutafuta kokoto au mshono. Atembee siku zote akiwa na viatu, hata kwenda chooni. Kila kituo avue, atazame nyayo na katikati ya vidole. Kama macho hayaoni vizuri, mtoto au mjukuu amtazamie. Lengelenge lolote, hata dogo, aende kwa mhudumu wa afya, asijitoboe. Na mganga akimwambia apande gari, apande kwa amani. Sala yake haipungui thamani kwa sababu ameketi.

Tumalizie

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, Bwana wetu alipowatuma wale Kumi na Wawili aliwakataza kubeba mkate, mkoba na fedha. Lakini fimbo aliwaruhusu, na viatu aliwaambia wavae. Alijua njia ilivyo. Nasi tukitunza miguu yetu hatufanyi anasa. Tunamtunza mtu atakayefika na kurudi nyumbani kwa familia yake.

Yule katekista mstaafu sasa huenda hija kwa gari pamoja na wagonjwa. Mbele ya gari bado ndiye anayeanzisha rozari. Binti yake alimchora miguu yote miwili, akakata kadibodi, akaiweka katika kitabu chake cha nyimbo. Kila anayemtembelea kutoka mjini huonyeshwa kadibodi ile, naye mzee humwuliza kama amewapima wazazi wake.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, ni nani wenye kisukari au waliowahi kuugua ukoma? Nani atawasaidia kutazama miguu yao kabla ya hija na wakati wa hija?

2. Je, twaweza kutenga jioni moja, mwezi mmoja kabla ya hija, tupimane miguu na kukata kadibodi kwa kila familia?

3. Kikundi chetu cha hija kina mfuko wa huduma ya kwanza wenye sabuni, plasta pana, bandeji safi na soksi za akiba? Kama hakina, tuanze na nini?

4. Yuko ndugu anayetaka kwenda hija lakini hana viatu vinavyomfaa? Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?